Ndovu wa Nyumba Mbili

Juzi niliingia duka moja la vitambaa hapa mjini Eldoret kutafuta kitambaa cha mapazia, na kabla sijafika kwenye kaunta nikakutana na harufu ya udi. Mwenye duka alikuwa amechoma kijiti kimoja pembeni, moshi mwembamba unapanda, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikasimama katikati ya duka nikitabasamu peke yangu. Kijana wa dukani aliniuliza mara mbili nataka rangi gani. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimerudi kwenye kiti cha kukunjika chenye sponji iliyotoboka, mkono wangu umebanwa na Senge Rael mpaka vidole vinauma, na mbele yetu Wahindi wakubwa kama nyumba walikuwa wanaimba.

Wa rika langu mliokulia mjini mtaukumbuka ukumbi ule wa sinema. Karani wa tiketi alikuwa akichoma udi dirishani kila Jumamosi kabla ya onyesho la mchana, na harufu ile ilichanganyika na ya njugu karanga na ya sweta zilizonyeshewa, maana sinema na mvua ya Eldoret vilipenda kuja pamoja. Mpaka leo nikinusa udi moyo wangu unaenda mbio, kana kwamba taa ziko karibu kuzimwa.

Senge, kwetu sisi Wanandi, ni dada ya baba. Senge Rael ndiye aliyekuwa mdogo wao wa mwisho, na alikaa nasi mtaa wa Pioneer kwa sababu alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, na akiosha sufuria aliimba mpaka jirani wa upande wa pili aligonga ukuta. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na simwombi mama yangu msamaha kwa kusema hivyo.

Elijah naye alikuwa wa kiwanda hichohicho, upande wa kutia rangi. Wiki ya sare za shule mikono yake ilikuwa ya bluu, wiki ya mablanketi ilikuwa ya maruni, na mimi nilikuwa nikimwangalia mikono kwanza kabla ya uso. Kwao kulikuwa Moi's Bridge, baba yake mkulima wa mahindi. Akija kumsindikiza Senge aliniletea peremende, akaniuliza habari za shule na akangoja jibu, jambo ambalo watu wazima wengi hawakulifanya. Mimi nilikuwa tayari nimeshawaoza kichwani mwangu, na nguo ya kuvaa siku hiyo nimeshaichagua.

Kumbe kulikuwa na neno moja ambalo watu wa mjini walikuwa wamesahau kuulizana. Senge alipokwenda Chepsaita kuwaambia wazazi wake kwamba amepata mchumba, Gogo, bibi yangu, hakuuliza kama kijana ana mshahara wala kama ameokoka. Aliuliza, "Mnyama wao ni nani?" Kwetu kila ukoo una mnyama wake, na watu wa mnyama mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Senge akajibu kwamba hajui, atauliza. Akarudi mjini, akauliza, na Elijah akasema, ndovu.

Sisi pia ni wa ndovu.

"Basi huyo ni ndugu yako," Gogo alisema Senge alipompelekea jibu, "na hiyo maneno imeisha." Kugo, babu yangu, hakusema lolote, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa muhuri. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini mambo ya ndovu hayakuwa ya kanisa, yalikuwa ya damu. Senge akaacha kuimba. Sufuria zilioshwa kimya, jirani hakugonga ukuta tena, na mimi nikawa naogopa kuingia jikoni.

Senge na Elijah walikubaliana kuonana mara moja ya mwisho, waagane kama watu. Kulikuwa na sinema ya Kihindi ya mapenzi ambayo kiwanda kizima kilikuwa kinaizungumzia. Ili ndugu na dada wasikae gizani peke yao, nikapelekwa mimi, nikawekwa katikati yao kama ukuta. Mnadhani nilihuzunika? Nilikuwa sijawahi kuingia sinema. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri kwa furaha.

Kwanza ulipigwa wimbo wa taifa, tukasimama wote tumenyooka, hata wauza njugu. Kisha taa zikazimwa, pazia likafunguka, na kijana mmoja akateremka mlimani kwa baiskeli akiimba kwa sauti ambayo niliihisi tumboni. Sijui niwaelezeje. Nyumbani tulikuwa na redio ya betri tu, na sasa palikuwa na mlima, mto, ng'ombe weupe, na msichana mwenye nywele mpaka kiunoni anayejificha nyuma ya mti huku anaitika. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa kila kitu. Msichana alipoanza kucheza, wasichana wengine wengi walitokea nyuma yake wakicheza kama yeye, nami nikajua papo hapo kwamba hao ni watu wa ukoo wake wamekuja kumsaidia. Mara sari yake ilikuwa nyekundu, mara ya kijani, mara ya manjano, ndani ya wimbo mmoja. Nikamnong'oneza Senge kwamba huyu lazima anafanya kazi kiwanda cha nguo.

"Nyamaza uone," akasema, lakini niliona meno yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Ndipo msichana akarudi kwao. Nyumba kubwa, ngazi za mawe, na ukutani, kwenye rafu, ndovu. Ameketi, ana tumbo, ana shada la maua shingoni, na mama wa nyumba anamfukizia udi. Nikamfinya Senge. Alikuwa ameshamwona. Kidogo baadaye kijana naye akaingia kwao, kibanda cha maskini, sufuria mbili tatu, na kwenye kona, ndovu mdogo wa shaba.

"Senge," nikasema, "hata huyu ni wa ndovu."

Hapo ndipo aliponishika mkono na kunibana. Upande wa pili Elijah alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, mikono yake ya maruni imefumbata kofia. Baba wa msichana akagundua mapenzi yale na akamfukuza kijana mlangoni. Akapiga kelele, akavunja zeze la kijana kwenye ngazi za mawe. Ukumbi mzima ukaguna, lakini ukumbi mzima haukujua sababu. Sisi watatu tulijua. Nyumba mbili, ndovu mmoja, wafanyeje?

Wakati wa mapumziko Elijah alitununulia soda, na yake hakuinywa. "Hawa watu ni sisi," akamwambia Senge juu ya kichwa changu. "Rael, hawa watu ni sisi kabisa."

"Ngoja uone mwisho wao," Senge akasema.

Kipande cha pili kilikuwa mvua na machozi. Msichana aliimba dirishani, kijana aliimba mtoni, nami nililia mpaka kola ya nguo yangu ikalowa. Kisha, siku msichana alipokuwa karibu kuozwa kwa mwingine mwenye masharubu, akatokea bibi mmoja mzee, akasimama katikati ya watu, akasema maneno marefu na kutoa shati la mtoto mchanga kutoka kwenye shuka yake. Watu wote wakalia. Baba mkali akalia. Akamkumbatia kijana wa baiskeli, na harusi ikafungwa mbele ya ndovu mkubwa kuliko wote, amefunikwa maua mpaka masikioni, na ukoo mzima ukacheza.

Tulitoka tukipepesa macho barabarani. Senge alikuwa anatembea haraka mpaka nikawa nakimbia. "Wamekubaliwa," alikuwa akirudia. "Elijah, umeona na macho yako? Wote ni ndovu na wazee wao wamekubali. Wako na njia. Hawa Wahindi wako na njia." Elijah alicheka kwa sauti, na watu waliokuwa wakinunua mboga wakageuka kututazama. Hawakuagana siku hiyo. Waliahidi kuonana Jumatatu.

Shule zilipofungwa nikapelekwa Chepsaita, na mzigo wangu mkubwa ulikuwa hiyo habari. Nilimsimulia Gogo tukipukuchua mahindi. Nilimwimbia, nikamchezea, nikavunja zeze kwa gunzi la mahindi. Gogo alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Sikujua kwamba Kugo alikuwa amesimama nje ya mlango.

"Umesema Wahindi wako na ndovu?" akauliza.

"Ndiyo, Kugo. Wanamwekea maua."

"Nyumba zote mbili?"

"Zote mbili. Mmoja wa mawe, mmoja wa shaba."

"Na wazee wao wakakubali?"

"Wakakubali, na wakacheza."

Kugo akaingia, akakaa kwenye kigoda, akaondoa ganda la hindi kwenye kiatu. Huyu alikuwa mtu ambaye kanisani aliwahi kuomba Mungu aufunge ukumbi ule wa sinema. Lakini alikuwa pia baba wa msichana aliyeacha kuimba, na nadhani Gogo alikuwa amemwambia. "Wahindi ni watu wa zamani sana," alisema mwishowe. "Kama wako na dawa ya kuosha ndovu, mimi nataka kuiona."

Basi Jumamosi ileile tukaenda, Kugo na mimi, yeye amevaa koti lake la kanisani, kofia na fimbo. Senge alikuwa ameshaambiwa. Alisimama kwenye veranda ya ukumbi na hakuthubutu kuingia na baba yake mahali kama pale. Elijah aliingia, lakini akakaa safu kadhaa nyuma yetu, kwa heshima. Wimbo wa taifa ulipopigwa Kugo akavua kofia, akasimama kama askari, na tulipokaa akaniambia, "Hata hapa serikali iko," na nikaona ametulia kidogo.

Jamani, kutazama sinema na Kugo. Hakupunguza sauti hata kidogo, kwa sababu mzee hanong'oni. Msichana alipocheza kwenye mvua akasema, "Huyu atashikwa na nimonia." Wimbo wa tatu ulipoanza akauliza, "Mambo ya ng'ombe wataongea saa ngapi?" Vijana wa mbele waligeuka kumfyonya, wakaona fimbo, wakageuka tena mbele. Lakini ndovu wa kwanza alipotokea alinyamaza. Wa pili alipotokea alinigusa goti kwa kidole kimoja, kunijulisha kwamba sikumdanganya. Tangu hapo hakuwaangalia wapenzi tena. Aliwaangalia wazee. Kila baba wa msichana alipofungua mdomo Kugo aliinama mbele, mikono juu ya fimbo, kama alivyokaa kwenye mabaraza ya kesi za mashamba. Na bibi mzee alipotoa lile shati la mtoto mchanga, Kugo akasema polepole, "Ahaa."

Nilidhani hiyo ndiyo dawa, shati. Nilianza kufikiria tutapata wapi shati la namna hiyo.

Tulipotoka Senge alikuwa bado kwenye veranda, ameshika pochi kwa mikono miwili. Elijah akatoka nyuma yetu, akasimama mbali kidogo. Kugo hakumtazama wala hakumsemesha. Hakuwa mkwe wake, na mtu hazungumzi na asiye mkwe wake juu ya mambo hayo. Alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Hakuna dawa. Yule kijana si wa ndovu. Aliokotwa. Yule mama mzee ndiye aliyemwokota na shati ndio ushahidi. Ndovu ya shaba ilikuwa ya watu waliomlea, lakini kwa damu yeye ni wa kwingine. Ndio maana wazee walikubali, na mimi pia ningekubali. Lakini huyu wetu hakuokotwa."

Senge hakulia. Alifungua pochi, akaifunga, akaifungua tena. Nilimwangalia Elijah aseme kitu, apige magoti, aimbe, afanye lolote kama yule wa baiskeli. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema, "Mzee," akakwama hapo. Kisha akavaa kofia akaondoka haraka, karibu anakimbia, akielekea stendi. Nilimchukia. Niliamini ameshindwa ameenda zake, na wiki nzima kila nilipoona kitu cha maruni nilikiangalia vibaya.

Mambo aliyokuwa anayafuata Elijah nilikuja kuelezwa nikiwa msichana mkubwa. Kwetu mtoto aliyepokelewa na ukoo ni mtoto wa ukoo, na hakuna mtu anayerudi nyuma kumwonyesha kidole. Kusema fulani aliokotwa ni kumvua nguo mbele za watu, yeye na watoto wake na wajukuu wake. Ndiyo sababu haisemwi. Lakini Elijah akiwa mdogo aliwahi kusikia bibi yake akinong'ona neno moja juu ya babu yake, akakatazwa asilirudie, naye akalisahau mpaka Kugo aliposema kwa sauti kubwa kwenye veranda ya sinema. Alikwenda moja kwa moja mpaka Moi's Bridge akamuuliza baba yake. Baba yake alimfukuza nyumbani. Alimwambia kwamba hakuna mwanamke mwenye thamani ya kitu hicho.

Lazima niwaambie na hili, maana huwa nalicheka mpaka leo. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma na msichana wa Kihindi, nikamsimulia sinema ile. Alinitazama kwa mshangao. Ndovu yule, akasema, ni mungu wa kuanzia mambo mema, na kwao karibu kila nyumba inaye. Wale wazee walikuwa wanagombana juu ya mali tu. Kugo alikuwa ameshazikwa wakati huo, nami nilifurahi kwamba hakuna wa kumpelekea habari. Alikuwa ameamua kesi ya watu wa mbali kwa sheria isiyokuwa yao, na bado kile kitu kimoja kilichotufaa sisi alikuwa amekiona.

Kwa sababu walikuja. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na asubuhi moja Gogo alianza kufagia uwanja mara ya pili, nikajua kuna wageni. Elijah alishuka kwenye pikapu akiwa amevaa suti ya kuazima, mikono ameisugua mpaka imechubuka. Na nyuma yake baba yake, aliyekuwa amemfukuza na mwishowe akakubali, mzee mrefu mkimya, na wanaume wachache wa kwao ambao walikubali kumsindikiza. Wengine, nilisikia baadaye, walikataa kupanda gari hilo.

Senge alikuwa jikoni, kama inavyotakiwa. Msichana haji mbele ya wageni mpaka aitwe. Mimi nilikuwa mlangoni kati ya jikoni na sebule, kwa hiyo nilikuwa macho yake. "Wanasema nini?" aliniuliza kila dakika. Nikamwambia wanaongea mvua. Wanaongea bei ya mahindi. Wamenyamaza. Kisha Kugo akauliza, kama vile hajawahi kuuliza, "Nyinyi ni watu wa mnyama gani?"

Baba ya Elijah akasimama. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia asimame.

"Tunajiita ndovu," akasema. "Watu wa ndovu walitupa hilo jina na sijawahi kulikosea heshima. Lakini baba yangu hakuzaliwa na ndovu. Aliokotwa wakati wa njaa, kando ya mto, akiwa mdogo hawezi kusema jina la mama yake. Watu wa ndovu walimpa maziwa, akakaa. Watu wake wa kuzaliwa hatuwajui. Mnyama wake hatumjui. Mimi na watoto wangu, kwa damu, hatujui sisi ni nani. Nimesema na mdomo wangu."

Wanaume aliokuja nao walikuwa wanaangalia sakafu.

"Unajua hilo neno likishatoka halirudi?" Kugo akauliza.

"Najua, Mzee."

"Na wajukuu wakiulizwa mnyama wao?"

Yule mzee hakukaa chini. Alibaki amesimama katikati ya watu walioketi, mikono imening'inia, na mimi mlangoni nikatamani mtu amfunike na kitu. Kugo naye alikuwa ametikisa kichwa kukubali, sheria ilikuwa imetimia, binti angeolewa, lakini hakuna aliyejua la kumwambia mtu aliyetoa kila alichokuwa nacho.

Senge alinisukuma pembeni. Alikuwa hajaitwa. Alikuwa ameshika kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa ambayo kwetu hupewa mwenye nyumba kwanza, na Gogo alinyoosha mkono kumzuia akachelewa. Kugo alikuwa ameshainua kikombe chake. Senge akampita baba yake, akaenda mpaka pale yule mzee aliposimama, akamwekea kikombe mkononi na kummiminia mpaka juu.

"Kunywa, Baba," akasema.

Mzee akakishika kwa mikono miwili na bado maziwa yalimwagika kwenye koti. Akanywa, na Kugo akakaa na kikombe chake kitupu, akingoja zamu yake.